Sakafu Isiyoguswa

Nyumba yetu ya Mikumi tuliinunua ikiwa imeshajengwa, na aliyeijenga, Mungu amsamehe, alimwaga sakafu ya sebule mara tatu kwa miaka mitatu, kila alipobahatika kupata mifuko miwili ya saruji. Matokeo yake, kitunguu kikidondoka mezani tulikwenda kukiokota jikoni. Katikati ya sebule palikuwa na nundu, kando ya nundu bonde, na mimi kwa miaka sita nilideki vilima hivyo huku nikinung'unika, kama mwanamke yeyote anavyoinung'unikia nyumba yake. Sikuona kuwa ni jambo la kumkosesha mtu usingizi mpaka siku Imani alipopewa kigari.

Imani ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka mitano. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na miguu yake ikachelewa. Mdomo haukuchelewa. Anaongea kumshinda baba yake, anakuhesabia malori yote yanayopita kwenda Iringa, lakini alikuwa anatembelea makalio. Mwezi wa nane, dada Scholastica, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemfuatilia hospitalini, alitupa kigari cha kujifunzia kutembea: fremu ya chuma yenye magurudumu manne madogo, mtoto anasimama katikati, anashika vishikio, anasukuma. Kisha akanikalisha na kunieleza bila kuzunguka.

"Mama Imani, miguu hii nguvu inayo, haina mazoea tu. Kila siku asimame, asukume. Akiendelea kukaa hivi mpaka mwakani misuli itakaza, na ikishakaza mimi sina la kufanya."

Siku ya kwanza nyumbani Imani alisimama vizuri, akapiga hatua mbili, magurudumu yakafika kwenye mteremko, kigari kikaondoka chenyewe kuelekea jikoni naye akiwa amening'inia. Kilisimamishwa na kizingiti. Mtoto akapigiza mdomo kwenye chuma. Ilikuwa damu, jino na kilio cha kuwatoa majirani nje. Tangu hapo akikiona kigari anageuza uso. Nilimbembeleza kwa biskuti, kwa katuni za kwenye simu, na mwisho kwa vitisho ambavyo naona aibu kuvitaja.

"Sikitaki," alisema. "Kinakimbia."

Ningembishiaje? Kweli kilikuwa kinakimbia. Septemba ikapita, Oktoba ikaingia, kigari kimesimama nyuma ya mlango na khanga zangu zimeanikwa juu yake, na mimi kila nikizitoa khanga nahesabu miezi iliyobaki.

Mume wangu, Meshaki, anaendesha gari la watalii hifadhini. Kwao ni wafugaji, huko mbugani upande wa Masanze. Mimi kwetu ni Chanzuru, watu wa jembe, na tulipooana shangazi zangu waliniuliza kama nimejiandaa kukimbizana na ndama mpaka uzeeni. Mama mkwe wangu, Nalangu, hakuwahi kuniuliza kitu. Si mtu wa maneno. Aliposikia habari za mdomo wa mjukuu wake alikaa wiki moja, halafu akamwita Meshaki, akamwambia dume wake mkubwa wa ng'ombe ameshapelekwa mnadani na fedha hizi hapa, katengenezeni chini. Mtoto hajifunzi kutembea juu ya vichuguu.

Ndipo tukampata Donati. Donati ni fundi wa sakafu, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye hoteli za kitalii za huku kwetu, na huko alijifunza saruji ya kujisawazisha.

"Hii unaikoroga inakuwa kama uji wa mgonjwa," alitueleza. "Unaimwaga, inatafuta usawa yenyewe, kama maji kwenye beseni. Ikikauka weka gololi katikati, itakaa hapo hapo mpaka uichukue."

Akaifuata Morogoro mwenyewe, mifuko sita, akairudisha kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Nalangu alifika Alhamisi, Donati akiwa ameshaanza kukwangua sakafu ya zamani. Alikuja na kibuyu cha maziwa na kopo la samli.

"Shikamoo mama," nikampokea.

"Marahaba. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu mahali anapolala."

Hapa lazima niseme kitu ambacho nilikuwa nakijua lakini nilikipuuza. Kwa akina Meshaki nyumba anajenga mwanamke. Anasimamisha fito, anakanda udongo na samadi, anakandika, na kisha analainisha kwa kiganja, ukuta wote, mpaka mvua ikose pa kuingilia. Nalangu alikuwa amejenga nyumba saba kwa viganja vyake, na mbili bado zinakaliwa. Kwa hiyo alivuta kigoda, akakaa kwenye mlango wa jikoni, akamwangalia Donati siku mbili nzima: anavyofagia, anavyoziba nyufa, anavyopaka praima ili saruji mpya ishike ya zamani. Aliitikia kwa kichwa mara chache, na nadhani alikuwa anaridhika. Swali lake lilikuwa moja.

"Mkono unaingia saa ngapi?"

"Hauingii, bibi," Donati akamjibu. "Hii haiguswi. Inajisawazisha yenyewe."

Nalangu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuna ng'ombe anayejikamua.

Jumamosi asubuhi tukamwaga. Nasema tukamwaga, lakini kazi yangu ilikuwa kushika waya wa mashine ya kukorogea usiguse maji. Donati aliziba mlango wa jikoni kwa ubao, akapima maji kwa jagi, mfuko kwa mfuko, akiinama kuangalia mstari. Nilipomwambia aongeze spidi kidogo kabla umeme haujakatika akaniambia haraka haraka haina baraka, na kwa kuwa alikuwa sahihi nilinyamaza, jambo ambalo huwa si kawaida yangu. Akaanzia pembe ya mbele, akimwaga na kurudi nyuma, akisambaza kwa reki, kisha akipitisha rola yenye miiba ili kutoa hewa. Nundu ikamezwa, na bonde likajaa. Saa tatu na nusu sebule yote ilikuwa imetulia, kijivu, inang'aa, na mimi nilisimama kwenye ubao nikahisi machozi. Miaka sita ya vilima ilikuwa imelala chini.

"Kwa masaa manne asiingie mtu, paka wala kuku," Donati alisema. Akachukua ndoo zake akaenda kuziosha bombani kwa jirani kabla hazijashika, na kunywa chai huko huko. Mimi nikambeba Imani kumpeleka kwa jirani huyo huyo, acheze na watoto asije akajiburuza mpaka sebuleni. Mlinzi wa sakafu tulimwacha Nalangu, kwenye kigoda chake.

Nilikawia. Jirani alikuwa na habari. Nilipoingia jikoni, kigoda kilikuwa kitupu, makubazi ya mama mkwe yamepangwa vizuri pembeni mwa ubao, na yeye mwenyewe yuko katikati ya sebule, amepiga magoti, shuka limefungwa kiunoni, mikono miwili imezama mpaka kwenye bangili. Saruji ilikuwa imeanza kushika. Kila alipopitisha kiganja kulainisha, ilivutika ikabaki imesimama. Mbele yake, eneo la kama kitanda cha futi tano, kulikuwa na matuta kama shamba la viazi la mama yangu Chanzuru.

Nina ulimi mbaya. Mama yangu alisema nilizaliwa ulimi ukiwa umetangulia. Sikuuliza hata kulikoni, nilipayuka.

"Mama, toka! Toka humo! Umeambiwa haiguswi! Hiki si kinyesi cha ng'ombe cha kupakapaka!"

Akasimama. Alirudi nyuma taratibu akikanyaga nyayo zake zile zile ili asiharibu zaidi, akavuka ubao, akaenda kuosha mikono kwenye karai. Alisugua saruji kwenye bangili, moja moja. Nikamwona, na bado sikuwa nimemaliza hasira, kwa hiyo nikageuza uso.

Donati aliporudi nilitegemea apige kelele kuliko mimi. Alichuchumaa kwenye ubao, akaangalia muda mrefu.

"Bibi, ilikuwaje?"

"Ilikuwa inatoa mapovu," Nalangu alisema. "Pale katikati, penye kina. Udongo wenye mapovu una hewa. Ukikauka unatoboka. Nikasema niitoe kidogo tu. Ikanikamata."

Donati akajikuna shingo. "Kuhusu hewa amesema kweli," akaniambia. "Pale palikuwa na kina, nilitakiwa kurudia rola mara ya pili. Nikakimbilia kuosha ndoo."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi yenyewe ilikuwa haijakauka. Mwanamke alimtoa dume wake kwa ajili ya mjukuu, akaona kosa ambalo fundi hakuliona, akaingia kulirekebisha kwa ufundi alio nao, na mimi nikamtukania ufundi wenyewe. Maneno ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Kibaya zaidi, mifuko ilikuwa imekwisha, na dume wa pili hayupo.

"Nyayo nitaziziba kwa saruji ya kawaida, matuta yanasuguliwa," Donati alisema. "Mashine ya kusugulia iko Morogoro, siipati leo wala kesho. Lakini kwa siku nne hizi itakuwa bado changa. Jiwe la kusugulia sakafu za terazo ninalo. Ni kazi ya mikono, mama Imani, na inachosha."

Jioni Meshaki alipotoka kazini nilimwahi getini kabla hajavua kofia, nikamweleza yote, pamoja na neno nililolisema. Nilijua mama yake hatamwambia. Alivua kofia, akaigeuzageuza mpaka nikatamani anigombeze.

"Usimpelekee maneno juu ya maneno," alisema mwishowe. "Kwetu mtu aliyekosea anachukua majani mabichi, yale wanayokula ng'ombe, anashika mkononi, anakwenda kwa aliyemkosea. Yanatosha."

Majani mabichi, Oktoba, Mikumi. Jumapili asubuhi, badala ya kwenda kanisani, nilizunguka mtaa mzima nimeinama kama mtu aliyedondosha hereni. Kila kitu kilikuwa kikavu, na palipo kijani mbuzi walishaniwahi. Nikayapata kwa jirani, chini ya bomba, kishungi kidogo kinachoishi kwa maji ya kufulia. Nikang'oa nusu, nikamwachia nusu.

Niliporudi nilisikia kwaruu, kwaruu, kabla sijafika mlangoni. Nalangu alikuwa sebuleni, amekaa chini amekunja miguu, maji kidogo kwenye bakuli, jiwe la Donati mikononi, anasugua tuta la kwanza. Alikuwa amelifuata kwa fundi alfajiri kwa miguu yake. Imani alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, anamtazama, na malori yalikuwa yanapita bila kuhesabiwa.

Nilipiga magoti kwenye sakafu mpya, nikanyoosha yale majani kwa mikono miwili.

Nalangu aliacha kusugua. Akayapokea. Akayanusa.

"Haya yana sabuni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini ni majani." Akayachomeka kwenye shanga za shingoni, akachukua jiwe. "Sasa nipishe, unanizibia mwanga."

Nililia hapo hapo, tena kwa sauti, na sikujali. Kisha nikaenda kutafuta kipande kingine cha jiwe, nikakaa upande wa pili wa matuta, tukasugua wote wawili mpaka mabega yakagoma.

Jumatatu ilituonyesha kuwa kazi ya kusugua ina ugumu wake. Matuta makubwa yaliondoka upesi. Yaliyobaki yalikuwa madogo, ya unene wa kamba, na hayaonekani, kijivu juu ya kijivu. Nalangu aliyatafuta kwa kiganja, lakini siku mbili za jiwe zilikuwa zimemla ngozi.

"Viganja vimekufa ganzi," alisema. "Haviniambii kitu."

Mimi nilipapasa nikaambulia patupu. Sikuwahi kufundishwa kusikia ukuta kwa mkono. Donati alikuwa amekwenda na pima maji yake kwenye kazi nyingine Kilosa. Nalangu akatazama huku na huku, macho yake yakatua nyuma ya mlango. Akanyanyuka, akaondoa khanga zangu moja moja, akakileta kigari katikati ya sebule.

Imani akageuza uso. "Kinakimbia, Koko," akasema; ndivyo bibi anavyoitwa kwa akina Meshaki.

"Kitakimbilia wapi?" Nalangu akauliza. Akakiachia. Akarudi nyuma hatua tatu, akaweka mikono nyuma.

Kigari kilisimama. Tulikingoja. Lori likapita barabarani, vyombo vikatikisika kabatini, kigari hakikusogea. Imani alikuwa amegeuka, anakikodolea macho kwa hasira, kama anayengoja kikosee.

"Mimi nimezeeka, mikono haisikii tena," Nalangu alimwambia, akirudi kukaa chini na jiwe lake. "Hili gari lako lina miguu midogo. Mguu mdogo unasikia kila kitu. Nani atanisaidia kulipitisha hapa aniambie wapi pamebaki?"

Nikainuka haraka kumbeba mtoto nimpeleke kwenye kigari. Mama mkwe alinishika upindo wa gauni.

"Wewe kaa."

Nikakaa. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo, angalau siku hiyo, nilikaa. Imani alijiburuza kutoka kwenye mkeka. Sakafu ilikuwa laini, alifika upesi kuliko alivyozoea, akashika chuma cha chini, kisha cha juu, akajivuta. Mimi vidole vyangu nilivikalia. Akasimama wima, akavuta pumzi, akasukuma.

Kigari kilikwenda alikokisukuma, wala si kwingine. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Magurudumu ya mbele yakagonga kitu, tk, yakasimama.

Nilidhani atalia. Aliangalia chini, akaangalia kule alikokaa bibi yake, akakunja uso kama mkaguzi wa shule.

"Koko, hapa bado."

Nalangu alisogea kwa makalio mpaka pale, akapamwagia maji, akasugua. Imani alisimama akimsubiri, miguu yake miwili chini yake, muda wote huo. Sidhani kama alijua kwamba amesimama. Kisha akarudi nyuma, akapita tena.

"Sasa sawa. Na hapa bado."

Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Asubuhi anaamka anauliza kama Koko ameshaanza kazi, na kama ameanza bila yeye ananuna. Alimsimamia mama mkwe wangu vibaya sana, hakumwachia hata tuta la unene wa uzi. Mimi nilipika, nilichota maji, na nilijificha nyuma ya pazia la jikoni kumpigia dada Scholastica simu, nikashindwa kuongea, akalazimika kuniuliza mara mbili kama kuna msiba. Meshaki alirudi Jumanne mchana akidai amesahau miwani, akasimama dirishani nusu saa. Miwani ilikuwa usoni kwake.

Jumatano saa kumi hivi Imani alianzia ukuta wa mbele. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Alipita palipokuwa na nundu, akapita palipokuwa na bonde, akapita shamba lote la viazi, na magurudumu hayakusema tk hata mara moja. Nalangu alikuwa amekaa katikati, jiwe mapajani, anageuza kichwa kumfuata. Mtoto hakusimama. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nje, uliokuwa wazi, akaegemeza magurudumu kwenye kizingiti.

Hakuwahi kuutazama ua wetu akiwa amesimama. Aliuangalia wote: mawe, shimo la taka, mizizi ya mwarobaini, korongo lililochimbwa na mvua za mwaka jana, na ng'ambo ya uzio njia ya vumbi inayopanda kwenda shuleni, ambako watoto wa jirani walikuwa wanateremka na mabegi yao.

"Koko," akaita bila kugeuka. "Huku nje kote bado."

Mama mkwe wangu akachukua jiwe, akachukua bakuli la maji, akanyanyuka akishikilia kiuno, akaenda akasimama nyuma yake akamuuliza waanzie wapi.